Kata Chini

"Nimekuambia haikuungua!" Kazadi alipiga kelele, na pingu zake zikagonga ukingo wa meza. "Nusa mwenyewe. Pua si unayo?"

"Nimeshanusa."

"Ukasikia nini?"

"Gundi, vumbi na jeuri yako," alisema Inspekta Mauwa. "Sasa keti."

Kazadi hakuketi. Kati yao, juu ya meza ya parke, ofisi ya mashtaka, ilikuwa spika kubwa kama sinia la kulia wali. Karatasi yake nyeusi ilikuwa imeachana na ukingo upande mmoja, ikaning'inia kama mdomo wa mlevi. Mauwa alikuwa akiitazama tangu asubuhi, na tangu asubuhi fundi huyu alikuwa akimjibu kama mwalimu aliyepewa darasa la wajinga.

"Mimi niko na diploma ya ufundi, mama. Reli yote, kutoka hapa mpaka Kalemie, wanajua mkono wangu."

"Reli haikukamatwa. Umekamatwa wewe."

Jambo lenyewe lilikuwa fupi, na Kindu nzima ililijua. Jana, wageni wa mkoa walipokuwa wakishuka kwenye meli, gari ya animasyo ilikuwa imesimama bandarini, ile Land Rover ya kupigia nyimbo na kutangazia mikutano. Sumaili, kiongozi wa vijana wa Chama, alishika mikro. Hajamaliza neno la kwanza la kuwakaribisha, spika ya kulia ikapasuka, na wimbo wa Chama uliofuata kwenye kaseti ukatoka kama mbuzi mwenye kikohozi aliyefunikwa blanketi. Wageni wawili walicheka. Kamishna hakucheka. Kabla jua halijageuka, Sumaili alikuwa ametaja jina: Kazadi, fundi aliyefunga vyombo vile. Na kosa lilikuwa limepata jina pia: kuhujumu sauti ya Chama.

Leo mchana ndege ya Kisangani ingetua. Ndani yake kulikuwa na watu wa usalama, na walikuwa wanakuja kumchukua mhujumu. Mauwa alikuwa amefanya kazi ya upelelezi Kindu tangu amalize masomo, na katika wote waliopandishwa ndege kwa kesi ya namna hii, hakuwahi kumwona hata mmoja akirudi kununua samaki sokoni.

"Anza tena," alisema. "Na safari hii usinihutubie. Nieleze kama unamweleza muntu unayetaka akusaidie."

Kazadi alipumua kwa pua. Kisha aliketi.

"Sauti iko nene, iko nyembamba. Ngoma na besi njo nene. Filimbi na herufi *s* njo nyembamba. Spika kubwa inataka nene, spika ndogo inataka nyembamba. Ukiipa ndogo ile nene, inaungua mara moja. Sasa kwa mashini ya kukuza sauti kuko filtri inagawa. Ina kifundo cha kuzungusha. Pale unapokiweka njo mpaka: juu yake inaenda kwa ndogo, chini yake inaenda kwa kubwa."

"Hiyo nimeelewa. Endelea."

"Filtri ya pili iko swichi. Hiyo inakata chini kabisa, sauti nene hata sikio haisikii."

"Kama haisikiki, ya nini kuikata?"

"Njo hapo kila muntu anakosea!" Alitaka kunyanyua mikono, pingu zikamrudisha. "Sikio haisikii, spika inasikia. Sanduku langu la spika lina tundu mbele, kwa kuongeza besi. Sauti ikishuka kupita kiasi, hewa inapita tu kwa tundu, spika haina kitu cha kuizuia. Inatupwa mbele na nyuma kama mlango bila komeo. Mpaka karatasi inapasuka. Na wewe uliyesimama nje husikii kitu."

Mauwa alichukua betri ndogo ya tochi, akagusisha nyaya mbili nyuma ya spika. *Tak*, ikajibu spika, na karatasi iliyoning'inia ikaruka kidogo. Waya wa ndani ulikuwa mzima. Akapitisha kidole kwenye mpasuko. Kisu kingeacha mstari. Hapa nyuzi za karatasi zilikuwa zimevutwa hadi zikakatika, moja ndefu, nyingine fupi.

"Haikuungua na haikukatwa," alisema.

"Minasema hivyo tangu jana!"

"Ulisema haikuungua. Kwamba haikukatwa sikukusikia ukisema. Simama, twende kwenye gari."

* * *

Land Rover ilikuwa uani, chini ya bati. Amuri, dereva wake, alikuwa amekaa kwenye bampa akichokoa meno kwa njiti. Alipomwona Kazadi na pingu, aliitupa njiti na kutazama pengine.

Mkuu wa Mauwa, Shefu Mbaraka, alitoka ofisini kwake akifunga vifungo vya koti lake la abakosti. Alikuwa mtu mzito aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula.

"Mama Mauwa, bado tu? Ndege haingoji."

"Na mimi simwambii ingoje, shefu. Amuri, mashini iko wapi?"

"Chini ya kiti changu, mama."

"Mtu akisimama nje anaiona?"

"Hapana. Hata ukiingia, huioni. Sherti uiname na kupitisha mkono nyuma ya jeki."

Mauwa aliinama. Alipitisha mkono nyuma ya jeki, akagusa chuma. Kwa tochi aliona mashini, pana kama Biblia ya mimbari, yenye maandishi ya Kijapani. Juu ya maandishi hayo kulikuwa na vipande vya plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino kwa Kiswahili. Penye kifundo: MPAKA, na kila upande neno moja, CHINI na JUU. Penye swichi: KATA CHINI.

"Nani aliandika?"

"Mimi," alisema Kazadi. "Amuri hasomi Kifaransa. Nilimwonyesha kila kitu, kama kingelegea njiani."

"Swichi uliiacha wapi?"

"Imewashwa. Daima imewashwa!"

"Na kifundo?"

"Katikati, kidogo upande wa chini. Nimeweka alama ya wino."

Mauwa alimulika tena. Alama ya wino ilikuwepo. Kifundo hakikuwa hapo. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho wa JUU. Na swichi ya KATA CHINI ilikuwa imezimwa.

Alisema alichokiona kwa sauti, na Shefu Mbaraka akapiga makofi mara moja.

"Basi! Imekwisha. Swichi ya kulinda imezimwa. Nani anaijua? Fundi. Funga dosie."

Kazadi alikuwa amebadilika rangi. Akasema: "Si mimi. Mungu wangu, si mimi."

"Wote wanasema hivyo," alisema shefu.

Mauwa alibaki amechuchumaa, goti kwenye vumbi, akiwa na hasira. Alikuwa ameomba kupekua gari hili tangu jana jioni, na kila alipoomba alijibiwa kwamba halina haja. Sasa lilikuwa limemwonyesha kitu, na kitu chenyewe kilimpeleka Kazadi kwenye ndege. Aliwasha redio ya dashibodi kidogo. Spika mbili ndogo kwenye milango hazikutoa kitu. Akarudisha kifundo kwenye alama ya wino. Spika ndogo zikaanza kuimba papo hapo, nyororo, bila doa.

Akainuka.

"Kazadi. Ungetaka kuvunja vyombo hivi, ungezungusha kifundo wapi?"

"Mimi nivunje kazi yangu mw—"

"Jibu!"

"Chini! Kabisa chini. Spika ndogo zote zingekula besi na kuungua, hata wimbo haujaisha."

"Na ukizungusha juu?"

"Juu? Juu hazipati kitu, zinanyamaza tu. Hakuna muntu anayejua atazungusha juu. Ya nini? Inaharibu sauti bure."

"Njo hivyo," alisema Mauwa. "Shefu, mhujumu anayejua kazi alikuwa na njia ya kuziua zote kwa kidole kimoja, akaiacha? Akazungusha upande ambao hauvunji kitu?"

"Basi alikosea."

"Mwenye diploma ya ufundi? Hukumsikia?" Akageuka kwa dereva. "Amuri, plasta ile inasema nini, KATA CHINI?"

"Inakata besi ya chini sana, mama. Isitetemeshe spika."

"Nani alikufundisha?"

"Yeye. Mara kumi alirudia. Anachosha, lakini alirudia."

Kazadi alimtazama kwa jicho baya.

"Sasa mtu ambaye hakufundishwa," Mauwa alisema polepole. "Anasoma CHINI na JUU. Kwake sauti ya chini ni sauti ndogo. Sauti ya juu ni kelele. Anaona swichi imeandikwa KATA CHINI, anafikiri njo hii inayokata sauti yake na kuishusha chini. Anaizima. Anaona kifundo, anapeleka JUU mpaka mwisho. Huyo hakutaka kuvunja. Alitaka kusikika."

Shefu Mbaraka alitazama mlango wa ua, kisha akatazama viatu vyake. Alikuwa ameelewa, na hakupenda.

"Amuri," Mauwa alisema, "jana asubuhi uliacha gari na nani?"

"Na hakuna muntu."

"Hukwenda hata kunywa chai?"

"Niliku... hapana."

"Hapana gani hiyo? Una watoto?"

"Wanne, mama."

"Wakikudanganya hivyo unawafanya nini?"

"Mama, niache. Wewe utabaki parke. Mimi nitabaki na ile gari, na wale vijana."

Hilo lilikuwa jibu, ila halikuwa la kuandikwa. Mauwa alirudi ndani ya gari. Aliwasha swichi ya KATA CHINI. Kisha akashika kifundo cha sauti kwenye redio ya dashibodi, akakishusha, akakivuta mpaka kikachomoka, kikabaki mkononi mwake. Akakitia mfukoni.

"Shefu, tuma mtu amwite sitwayeni Sumaili. Aambiwe namhitaji kama shahidi wangu mkuu, aje kutuonyesha hujuma ilivyotokea."

"Kwa nini?"

"Atapenda."

* * *

Sumaili alipenda. Alikuja na kofia ya Chama na skafu shingoni, akasalimu kwa kuinua mkono. Alikuwa na sura nzuri na koo kubwa, na alizungumza na watu watatu kama wako mia tatu.

"Mama inspekta! Hongera kwa kazi. Huyu fundi Muluba ameshakiri?"

"Bado. Anasumbua."

"Nilisema mapema! Hawa watu wa kuja, unawapa kazi, wanakupa sumu."

"Njo maana nakutegemea wewe." Mauwa alifungua kitabu kidogo cha maelezo juu ya bampa. "Kwanza tuandike. Vyombo vya gari hii umewahi kuvigusa?"

"Mimi? Kamwe. Mimi ni muntu wa neno. Vyombo ni vya fundi."

"Mashini unajua imefichwa wapi?"

"Hata. Nitajuaje?"

"Vizuri." Aliandika. "Sasa kaa kwenye gari, shika mikro, fanya kama jana. Sanduku la kushoto bado zima. Sisi tutasimama kule ukutani kama wageni."

Alimchukua Shefu Mbaraka kwa kiwiko, wakaenda mpaka ukuta wa mwisho wa ua. Amuri na Kazadi walifuata pamoja na askari mmoja. Sumaili alikaa kwenye kiti cha dereva. Akaleta mikro mdomoni, akaipuliza kwa nguvu, *fuu! fuu!*, akaigonga mara mbili kwa kidole.

"Anapuliza," Kazadi alinong'ona, kama mtu aliyeona nyumba yake ikibomolewa. "Ile pumzi njo chini kabisa! Njo hiyo filtri inakata! Bila filtri, kila *fuu* moja ni ngumi kwenye karatasi."

"Nyamaza uone."

"Wananchi wa Maniema!" ilisema Land Rover kwa sauti ya kiasi, safi, kama mtu anayeongea sebuleni.

"Hatukusikii, sitwayeni!" Mauwa aliita.

"Wananchi wa Maniemaaa!"

"Jana ilikuwa hivi hivi? Kwa wageni? Unanong'ona kama bibi arusi!"

Askari alicheka. Hata Amuri, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alitikisika mabega. Sumaili alipeleka mkono kwenye redio kuongeza sauti. Vidole vyake vilikuta chuma tupu. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia.

"Pandisha, bwana!" Mauwa aliita tena. "Shefu ana kazi!"

Sumaili alisonya, na sonyo lake likatangazwa uani kote. Kisha, macho yake yakiwa bado kwao, mikro ikiwa bado mdomoni, aliinama, akapitisha mkono wa kulia chini ya kiti, nyuma ya jeki, bila kupapasa hata kidogo. *Tik*. Swichi. Mkono ukazunguka. Alipoinuka tena, alipuliza, *fuu!*, na sanduku la kushoto likatetemeka hadi bati la gari likalia.

"WANANCHI WA—"

Sauti ilitoka nzito, imezibwa, ya mbuzi chini ya blanketi. Kila aliyekuwa bandarini jana aliitambua.

Sumaili naye aliitambua. Akaachilia mikro.

Mauwa alivuka ua, akaingiza mkono, akawasha swichi, akarudisha kifundo kwenye alama kabla sanduku la pili halijafuata la kwanza.

"Unajua vizuri pahali usipopajua," alisema.

"Mama... ilikuwa tu... walikuwa hawatanisikia. Na upepo ule wa Lualaba. Imeandikwa JUU! Mi niliweka juu. Iko kosa gani kuweka juu?"

"Kuweka juu si kosa. Ukaona imepasuka, ukafanya nini?"

Sumaili alivua kofia yake.

"Alinipora ufunguo," Amuri alisema kutoka ukutani, kwa sauti kubwa kupita alivyokusudia. "Jana asubuhi. Alisema nikanywe chai. Spika ilipopasuka akaniambia nikisema kitu nitakwenda na Kazadi. Andika, mama. Nimechoka."

Mauwa aliandika, mstari mmoja, Amuri akatia kidole.

Shefu Mbaraka alimvuta pembeni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Sikia. Huyu ni mutoto wa Chama. Baba yake anakula na Kamishna. Siwezi kuwapa watu wa usalama huyu."

"Sikuomba uwape."

"Lakini wanakuja kuchukua muntu! Hawawezi kurudi mikono mitupu. Fundi hapana, nakubali. Basi..." Alishusha sauti. "Andika shofa. Aliacha ufunguo. Ni kweli aliacha, amesema mwenyewe."

"Amuri ana watoto wanne."

"Kila muntu ana watoto, Mauwa!"

Kutoka upande wa uwanja wa ndege ikasikika ngurumo ya ndege, ikipungua. Ilikuwa imeshatua. Jeep ya usalama ilisimama huko tangu asubuhi, na barabara ilikuwa kavu. Mauwa alimtazama shefu, akamtazama dereva ambaye hakujua kwamba alikuwa ametajwa, akamtazama Sumaili aliyekuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Kwa usalama wanapeleka kesi ya hujuma," alisema. "Hapa hakuna hujuma. Kuna kuharibu mali ya umma kwa uzembe, na kuna kumsingizia mtu kwa uongo. Kesi zote mbili ni za parke. Ni zangu."

"Hujaniomba ruhusa."

"Sijaomba."

Alitoa ufunguo, akafungua pingu za Kazadi. Kazadi alisugua mikono, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," Mauwa alisema. "Toka kwa mlango wa nyuma. Mke wako yuko pale na sahani tangu asubuhi. Nenda ukale."

"Na kifundo changu? Alama iko—"

"Toka!"

Kazadi alitoka. Mauwa alimwendea Sumaili, akamshika mkono juu ya kiwiko, akatembea naye kuelekea kasho, chumba kidogo cha matofali nyuma ya ofisi, chenye mlango wa chuma.

"Mama, unifungie? Mimi? Wataniona! Vijana wataniona!"

"Watakuona. Utakaa humu mpaka mwendesha mashtaka akusikilize, utalipa spika, na utasema mbele ya watu kwamba ulimtaja Kazadi kwa uongo."

"Baba yangu ata—"

"Baba yako atakuletea chakula. Sikia." Alisimama. Mlio wa jeep ulikuwa unapanda barabara ya reli. "Wale wanakuja kuchukua mhujumu. Ukiwa nje ya mlango huu, na aliyevunja ni wewe, wewe unafikiri watakuuliza baba yako ni nani kabla ya kukupandisha, au baada?"

Sumaili alitazama mlango wa ua. Jeep ilipiga honi moja, fupi, ya watu wasiozoea kungoja.

Akainamisha kichwa, akaingia kasho mwenyewe.

Mauwa alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni ukagongana na kifundo cha redio. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walikuwa wameshashuka. Shefu Mbaraka hakuwa popote uani.

"Muntu wetu iko wapi?" mmoja aliuliza.

"Muntu wenu hayuko," alisema Mauwa, mgongo wake kwenye mlango wa chuma. "Aliyemo humu ni wangu."